MANENO NA MAANA YAKE: Kitu cha Muda kwa Kijerumani

Juma hili tulitazame neno la Kijerumani, "Provisorium", ambalo asili yake ni Kilatini. Maana yake ni kitu kilichowekwa kwa muda, kikingojea kile cha kudumu. Sisi husema daraja la muda au serikali ya muda. Mjerumani anayo nomino moja inayokitaja kitu chenyewe. Daktari wa meno akilifunika jino kwa kifuniko cha siku chache, hicho ni Provisorium. Lugha yetu ilichukua kwao "shule" na "hela", lakini neno hili ililiacha.

Lisichanganywe na "vorübergehend", yaani kinachopita, kama mvua au homa. Hicho kikiisha kimekwisha. "Vorläufig" ni kinachotangulia: lazima kingine kije nyuma yake. Askari polisi wa huko akimkamata mshukiwa bila hati ya hakimu, sheria hukiita kitendo hicho "vorläufige Festnahme", ukamataji wa muda. Mshukiwa huyo sharti aachiliwe, au afikishwe mbele ya hakimu kabla haijaisha siku inayofuata. Neno hilo humlinda raia, na kwa maoni yangu humlinda askari pia, maana ajua kazi yake inakoma wapi.

Lakini Provisorium mashuhuri kuliko zote ni sheria kuu ya nchi yenyewe. Mwaka 1948 watawala wa kijeshi wa Marekani, Uingereza na Ufaransa waliwataka viongozi wa majimbo ya magharibi waandae katiba. Viongozi wakasita. Kuandika katiba kamili kungekuwa kama kuutia muhuri mgawanyiko wa nchi, na ndugu zao wa mashariki wangebaki nje. Basi wakaiita "Grundgesetz", sheria ya msingi, ikatangazwa tarehe 23 Mei 1949. Kifungu chake cha mwisho, cha 146, kilisema kwamba itakoma siku itakapoanza kutumika katiba ambayo Wajerumani wamejiamulia kwa hiari. Bonn ukawa mji wa serikali, nao kwa muda.

Muda huo ulifika miaka 41. Nchi ilipoungana tarehe 3 Oktoba 1990, haikuandikwa katiba mpya. Watu wa mashariki waliingia chini ya sheria ile ile, na kifungu cha 146 kingalimo, kwa maneno yaliyorekebishwa. Bonn nayo nusura ibaki: mwaka 1991 wabunge 338 walichagua Berlin, 320 wakachagua Bonn. Bunge lilihama mwaka 1999. Wizara kadhaa hata leo zina makao yake makuu Bonn.