Mnara wa Belém Ulilinda Nini?

Kila msee akifika Lisbon lazima apige picha mbele ya Torre de Belém. Sina noma na picha. Nina noma na yale maneno yanayoufuata kila mahali: mnara wa ulinzi. Ulinzi dhidi ya nani, jameni?

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hesabu hii haihitaji digrii. 1502, Vasco da Gama anatia nanga Kilwa na mizinga yake, anamlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, atoe mithkali 1,500 za dhahabu. 1505, Francisco de Almeida anaiteka Kilwa, kisha anafika Mombasa. Watu wake wanaupora mji na kuuchoma. Mnara ulianza kujengwa lini? 1514, kwa amri ya Mfalme Manuel I. Yaani mtu anavunja nyumba za watu, anarudi kwake, ndipo anaweka grili dirishani.

Utaniambia mdomo wa mto Tejo ulihitaji kulindwa. Kweli, ulihitaji. Meli zilizopita pale zilikuwa zinarudi na dhahabu na pilipili, na mwenye mali ya wizi hulala jicho wazi.

Kusema ukweli, ni mnara mrembo. Mawe meupe yamechongwa mfano wa kamba za meli, na chini ya kibanda kimoja cha walinzi kuna kichwa cha kifaru. Kifaru mwenyewe aliletwa Lisbon kutoka Gujarat 1515. Mwaka uliofuata, akipelekwa zawadi kwa Papa, meli ikazama naye karibu na Italia. Mnyama maskini, angalau alichongwa.

Na dhahabu ya Kilwa? Ilitengenezwa Custódia de Belém, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kilichokamilika 1506. Kiko hapo Lisbon, kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale. Chini yake wameandika wenyewe, kwa Kireno, kwamba ni dhahabu ya kodi ya Kilwa. Hawakuona haya. Haya ilikuja baadaye, ikajiita Uvumbuzi.

UNESCO waliuweka mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia 1983. Magofu ya Kilwa Kisiwani yalikuwa yameingia 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini. Sitaki Belém ibomolewe. Nataka anayewatembeza wageni pale aanze hadithi Kilwa, 1502, kabla hata hawajapanda ngazi.