Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani?



Twaomba nafasi ndogo katika gazeti letu hili tutoe neno juu ya mchezo wa mpira, ingawa wengi wenu mwajua ya kuwa sisi hatukuwa watu wa mpira. Miaka mingi tuliudhani kuwa shughuli ya wasio na kazi, na jioni zetu tulizimaliza juu ya majalada tuliyoyachukua nyumbani.

Aliyetubadili ni binti yetu, mwenye umri wa miaka 12, mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Mwaya. Alichaguliwa kujaribiwa kwa michezo ya UMITASHUMTA, akaja mbio kutupa habari. Tulimkatalia, tukamwambia kwamba mpira haujapata kumfanya mtu kuwa karani. Hakubishana. Aliitika, "Ndiyo, baba," akaenda jikoni. Na tangu siku ile hakutuletea habari nyingine yo yote, ya mpira wala ya masomo. Tukakaa nyumba moja kama abiria wasiojuana wangojao meli.

Mama yake ndiye aliyetuonya kwamba twampoteza mtoto aliye mbele ya macho yetu. Basi tuliondoa katazo letu, na masika yalipokwisha na kiwanja kukauka, tulikwenda kusimama pembeni na viatu vyetu vya ofisini. Hatukufahamu kitu. Refa alipolikataa goli la binti yetu tulighadhibika kuliko watu wote, hata watoto wakatucheka. Usiku ule alikuja mwenyewe, akapanga punje za kokoa mkekani, akatufundisha maana ya kuotea: mwenzako apigapo mpira, usiwe karibu na goli la adui kuliko mpira wenyewe na kuliko adui wa pili kutoka mwisho. Alitueleza mara tatu bila kuchoka. Nasi twakiri kwamba hatujapata kumfundisha hesabu kwa subira kama ile. Tangu hapo twaupenda mchezo, na habari za shule zimerudi pamoja nao.

Wako wasemao kwamba mpira si wa wasichana. Twawajibu kwa jambo lililoonekana. Oktoba 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda India kushindania Kombe la Dunia kwa mara yao ya kwanza. Walifungwa na Japani 4–0, lakini wakaishinda Ufaransa 2–1, wakatoka sare na Kanada 1–1, wakafika robo fainali, ndipo Kolombia ikawatoa. Hao nao walikuwa na miaka 12 siku moja, wakihitaji ruhusa ya wakubwa wao.

Hatusemi masomo yaachwe; kitabu kina saa yake na mpira una saa yake. Lakini wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Je, atatunzwa na nani, ikiwa sisi wa kwao hatupo kiwanjani? Siku ile pembeni tulikuwa wazazi watatu tu, na karani ni sisi peke yetu.

Kwa hiyo twashauri kila mwanachama mwenye mtoto achezaye aache majalada jioni moja kwa juma, aende akamtazame. Na chama kichange fedha za mpira mmoja kwa ajili ya wasichana wa shule. Jalada litakuwapo asubuhi.