Likasi: «Iko inatumika, usiiguse», neno linaloua kompyuta za mji

LIKASI, Haut-Katanga. Kuna neno moja ambalo mafundi wa kompyuta wa mji huu wamelifanya kuwa sheria. Mwenye sekretaria anamwita fundi, anamwambia mashine imekuwa nzito, haitaki tena kufungua kurasa fulani. Fundi anaangalia dakika mbili, anafunga kifuniko, anasema: «Mama, iko inatumika, usiiguse.» Anachukua franka zake, anapanda pikipiki, anaenda. Na mashine inabaki na toleo lile lile la Linux ililowekewa siku ya kwanza, labda mwaka 2014, labda 2016, bila sasisho hata moja tangu hapo.

Neno hilo ni baya, na wanaolisema wanajua ni baya.

Mwanzo wa hadithi ni mzuri. Katika Kikula, Panda, Shituru na katikati ya mji, sekretaria za barabarani ndizo zinaandika barua za kuomba kazi, zinachapa TFC za wanafunzi, zinatoa fotokopi za kadi na vyeti. Kila siku kle USB zinapita kutoka mkono mpaka mkono, na kila kle inabeba virusi vyake. Wenye sekretaria walichoka kulipa fundi kila mwezi ili asafishe Windows isiyokuwa hata na leseni. Mafundi wakaleta Linux, hasa Ubuntu: ni ya bure, virusi vile vya kle havifanyi kitu ndani yake, na kompyuta za mitumba zinazopita Kasumbalesa zinaipokea vizuri. Huo ulikuwa uamuzi wa akili. Aliyeanzisha Ubuntu, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na kwa miaka mingi, mpaka 2011, diski zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba.

Shida inaanza siku ya pili. Fundi aliuza Linux kama mtu anavyouza meza: unaiweka, imekwisha. Lakini Linux si meza. Ni mkusanyiko wa vifurushi mia na elfu, kila kimoja na namba yake ya toleo, na kila toleo lina siku ya mwisho iliyoandikwa kabla halijatoka. Ubuntu 14.04, ya Aprili 2014, ilimaliza muda wake wa kawaida Aprili 2019. Ya 16.04 ikafuata Aprili 2021. Ya 18.04 ilikwisha Mei 2023, na 20.04 Mei 2025. Baada ya siku hiyo mashine haizimiki, na hapo ndipo udanganyifu unapopata mlango. Mashine inawaka, inaandika, inachapa. Ila matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi tena, labda kama mtu ameiandikisha katika huduma ya muda wa nyongeza, ambayo ni ya bure kwa mtu binafsi mwenye mashine zisizozidi tano. Ni mafundi wangapi wa mjini waliowahi kumwambia mteja kwamba huduma hiyo ipo?

Wengine wamefanya vibaya zaidi. Waliweka matoleo ya katikati, yale yanayotunzwa miezi tisa tu, kwa sababu namba ilikuwa mpya na rangi zilikuwa nzuri. Toleo la 21.10 lilitoka Oktoba 2021, likafa Julai 2022. Likishakufa, vifurushi vyake vinatolewa katika ghala la kawaida na kuhamishiwa ghala la matoleo ya zamani. Sasa mwenye sekretaria anataka kuongeza programu ya printa mpya, mashine inajibu 404, haikuona kitu. Fundi anasema mtandao ni mbaya, nunua mega zingine. Mega zinanunuliwa, jibu ni lile lile. Mtandao hauna kosa. Ghala limehama, na anwani iliyo ndani ya mashine ni ya zamani. Kubadilisha anwani hiyo ni kazi ndogo katika faili moja, lakini kwanza lazima fundi akubali kwamba aliweka toleo lisilofaa.

Tarehe 30 Septemba 2021 ilitoa somo ambalo wengi hawakulielewa. Siku hiyo cheti kimoja cha msingi, ambacho tovuti nyingi sana za Let's Encrypt zilikuwa zinakitegemea, kilifika mwisho wa muda wake. Mashine zilizosasishwa hazikuhisi kitu. Zenye OpenSSL ya zamani, 1.0.2 na za nyuma yake, programu zake zikaanza kukataa tovuti ambazo jana zilikuwa nzuri. Kwenye simu kila kitu kilifunguka. Kwenye kompyuta programu ya barua ilisema cheti si halali. Dawa ilikuwa kifurushi kidogo cha vyeti, kitu cha mega chache. Kwa mashine iliyoambiwa «usiiguse», hata hicho hakikuingia.

Kisha Januari 2022 likaja jambo la shule. Katika programu iitwayo pkexec, iliyomo karibu katika kila Linux, liligunduliwa tundu lililokuwamo tangu 2009. Kwa tundu hilo mtumiaji yeyote wa kawaida aliyekaa mbele ya mashine anaweza kujifanya mkubwa wa mashine yote, bila neno la siri. Fikiri chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari: kompyuta 15, wanafunzi 40, na pembeni ile ya prefe yenye pointi za mitihani, nayo toleo lile lile. Mwanafunzi hahitaji kuwa mtaalamu. Maelezo yalienea mtandaoni siku ile ile. Kiraka nacho kilitoka siku ile ile. Alikuwa wapi fundi?

Mafundi wana majibu yao, na si yote ya kudharau. La kwanza ni bei ya mega. Kusasisha kompyuta kumi, kila moja ikivuta vifurushi vyake, kunamaliza forfait ya mwezi, na mwenye sekretaria anauza fotokopi moja moja. Hilo ni kweli. Lakini nani alisema kila moja ivute peke yake? Vifurushi vinavyoshushwa kwa apt-get vinabaki katika folda moja, /var/cache/apt/archives. Sasisha mashine moja, nakili folda hiyo kwenye kle, iweke katika mashine ya pili yenye toleo lile lile, na ya pili haitavuta tena kile ilichokwisha kupata. Itahitaji mega kidogo tu za kusoma orodha. Penye mashine nyingi na waya kati yake, programu ya apt-cacher-ng inaifanya kazi hiyo yenyewe: kifurushi kinaingia mjini mara moja, kinagawiwa kwa wote. Yote haya ni bure, na yamekuwapo miaka mingi. Fundi anayelia bei ya mega huku akifuta folda ile kila wiki kwa apt clean «ili kupunguza uzito» anamwaga maji kisha analia kiu.

La pili ni umeme. Umeme ukikatika katikati ya mise à jour, mashine inaweza kuamka nusu mpya nusu ya zamani, na wengi wameogopa tangu yawapate mara moja. Woga huo una sababu. Ila dawa yake inajulikana: dpkg --configure -a inamalizia kazi iliyokatika, na katika visa vingi mashine inasimama tena. Na kabla ya yote, kazi hiyo inafanywa kwenye laptop yenye betri nzima, au nyuma ya ondulere, saa ambazo umeme wa mtaa unatulia. Mkaaji wa Likasi anajua saa hizo kuliko anavyojua siku ya kuzaliwa kwake.

La tatu ni mashine zenyewe: «Papa, hii ni ya biti 32, matoleo mapya hayaitaki.» Hapa kuna ukweli na kuna uvivu. Ukweli ni kwamba Ubuntu iliacha kutoa diski za biti 32 za kompyuta za mezani tangu toleo la 17.10, mwaka 2017. Debian ilivumilia zaidi. Debian 12, ya Juni 2023, ndiyo ya mwisho yenye kisakinishi cha biti 32, na Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena. Uvivu ni kwamba mashine nyingi zinazoitwa za 32 si za 32. Fundi aliona RAM ya giga mbili, akaweka mfumo wa biti 32 bila kuuliza kichwa cha mashine. Amri ya lscpu inajibu kwa sekunde moja. Mashine iliyohukumiwa kifo kwa sababu hakuna aliyeandika herufi tano, hiyo nayo inaitwa matengenezo?

Lakini adui wa mashine si yule asiyegusa tu. Kuna ndugu yake, anayegusa kila kitu. Huyu anafika mwezi wa TFC, foleni ya wanafunzi mpaka nje, anaanza kupandisha toleo zima mbele ya wateja. Programu ndogo ya hesabu, iliyoandikwa zamani kwa Python 2, inakufa, kwa sababu Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020 na matoleo mapya hayaiweki tena. Mwanafunzi anauliza: «Yaya, kazi yangu iko wapi?» Yaya anatoka jasho. Kisha, ili kurudisha kile kilichopotea, anachukua vifurushi vya Debian anavilazimisha ndani ya Ubuntu, anaongeza maghala ya watu asiowajua, anashusha libc6 kwa nguvu. Baada ya hapo hata amri ya ls haijibu. apt haikujengwa kwa kurudi nyuma. Kushusha toleo kunawezekana kwa kifurushi kimoja kimoja, kwa uangalifu, si kwa hasira.

Kazi ya fundi wa kweli iko katikati ya hao wawili, na haina maajabu. Kifurushi kimoja kinachotakiwa kubaki cha zamani kinafungwa kwa apt-mark hold, vingine vyote vinaendelea. Programu ya zamani isiyoweza kuhama inawekwa ndani ya mashine pepe isiyo na mtandao, inabaki humo na umri wake. Kilichoingia na kilichotoka kimeandikwa tayari katika /var/log/apt/history.log, pamoja na tarehe na saa; fundi asiyesoma faili hiyo kabla ya kusema «ni virusi» arudishe pesa. Na kuhusu kerneli za zamani zinazojaza /boot mpaka masasisho yanakwama, zinaondolewa kwa apt autoremove, ikibaki moja ya akiba nyuma ya ile inayotumika. Wapo wanaozifuta kwa mkono, faili kwa faili, kwa rm. Kesho yake mashine haiwaki, na mteja anaambiwa diski imekufa, anunue nyingine.

Mji huu ulikua kwa mashine. Likasi haikuhitaji kufundishwa na mtu kwamba pampu inatiwa grisi kabla haijalia, na katika familia za hapa hakukosi mzee aliyepita katika atelye za Gécamines. Mzee huyo angemuuliza fundi wa kompyuta swali moja tu: karatasi ya matengenezo iko wapi? Basi wenye sekretaria, wakuu wa shule na wa redio waulize vilevile. Karatasi moja ibandikwe ubavuni mwa kila kompyuta: toleo gani, linakwisha lini, lilisasishwa mara ya mwisho tarehe gani, kifurushi gani kimefungwa na kwa sababu gani. Fundi asiyetaka kuandika hayo asilipwe.

Na wenye 20.04, ambao muda wao ulikwisha Mei 2025, wasidanganywe kwamba kuna njia ya mkato. Kutoka 20.04 mtu anapita kwanza 22.04, ndipo anafika 24.04, inayotunzwa mpaka 2029. Haiwezekani kuruka katikati. Nakala ya kazi zote kwenye diski ya nje kwanza, kisha usiku mmoja kwa kila hatua, na betri iliyojaa.