Utamuuzia Nani?

Juzi barazani hapa Makupa, baada ya Isha, kijana mmoja wa kwetu alitueleza kwamba mkopo wake wa sacco umepita na anakwenda kununua gari. Ana mke, watoto wanne na mama mzazi ambaye goti lake halikunjiki. Alikuwa ameiona Honda Freed ya viti saba, injini ya cc 1500, milango ya nyuma ya kusukumwa kando. Hajamaliza kueleza, ami mmoja akamkata kauli: "Gari hiyo utamuuzia nani?" Baraza zima likaitikia. Wiki haikwisha, kijana akaja na gari dogo jeupe la watu watano. Nyumba ina watu saba, gari lina nafasi tano, na wale wale wa barazani wakampa hongera.

Swali hili limenichosha. Kila anayetaka gari mji huu anaulizwa hilo kabla ya kuulizwa nyumbani kwake wako wangapi, nani mgonjwa, nani mzee, watoto wanasoma wapi. Mnunuzi wa kesho, mtu asiyejulikana jina wala sura, ndiye anayechagua gari la familia. Mke haulizwi. Mama haulizwi. Ni sawa na kumnunulia mwanao viatu kwa kipimo cha mguu wa mtoto wa jirani, kwa kuwa huenda siku moja akavirithi.

Gari linanunuliwa kwa ajili ya watakaolipanda. Nitalirudia hili hadi lieleweke.

Tazameni tulikofikishwa na kasumba hii. Rangi lazima iwe nyeupe au ya fedha, kwa sababu ndiyo inayouzika. Mke akipenda buluu, anaambiwa hajui biashara. Nailoni za viti hazitolewi mwaka mzima, katika joto la Mombasa, mapaja ya watoto yananata na mgongo wa nyanya unatota jasho, ili bwana mmoja asiyejulikana aje avute harufu ya upya. Watoto hawaruhusiwi kula garini na mchanga wa pwani ni kosa la jinai. Mwenye gari amekuwa mlinzi wa mali ya mtu mwingine, na mlinzi huyo ndiye anayelipa mkopo, bima na mafuta.

Haya, tufanye hesabu ambayo ami hakuifanya. Tuseme gari la watu saba, siku ya kuuzwa, litaachwa nyuma kwa shilingi 150,000 na lile jeupe linalopendwa na kila mtu. Tuseme kijana atakaa nalo miaka kumi, na wengi wetu hukaa zaidi, hadi gari linafia uani. Shilingi 150,000 ukizigawa kwa siku za miaka kumi hazifiki 42 kwa siku. Sasa kila mara mama anapokwenda kliniki Hospitali Kuu ya Pwani pamoja na mkwewe na wajukuu, inabidi wengine wapande tuktuk ya kukodi. Safari moja ya kwenda na kurudi inameza faida ya siku kadhaa. Na hapo sijahesabu arusi za Malindi, maziko ya Kikowani na Sikukuu ambayo nusu ya nyumba inabaki nyumbani ikisubiri "raundi ya pili".

Wanasema magari siku hizi hayashuki bei. Ni kweli kwamba Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na magari yaliyokwisha kuingia yakapanda nayo. Lakini ukishauza lako kwa bei nzuri, utatembea kwa miguu? Utarudi yadini ukanunue jingine, nalo limepanda vilevile. Aliyeuza ghali atanunua ghali. Faida hiyo inaonekana barazani tu, mfukoni haifiki.

Kisha hawa watabiri wa soko wamepata wapi ujuzi wao? Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa Peugeot 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa gari hilo hilo. Barabara za Kenya zilijaa Peugeot za abiria, na angetokea mtu kusema itafika siku 504 ikose mnunuzi, angechekwa. Kuanzia 1979 hadi 1982 Shekhar Mehta akashinda mara nne mfululizo kwa Datsun, na Datsun ikawa ndiyo gari. Leo jina lenyewe la Datsun Nissan imeliweka kando. Waliokuwa na uhakika wakati ule walikuwa na uhakika uleule wa ami wa juzi, na sauti ileile.

Na sisi tunaoishi kando ya Kilindini tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. KEBS, shirika letu la viwango, hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 yaliruhusiwa ya 2018 na kuendelea tu, na kila Januari mpaka unasogea mwaka mmoja. Meli zinashusha magari mapya kuliko lako mwaka hadi mwaka, mbele ya macho yako. Nembo yoyote utakayoshika, gari lako linazeeka likiwatazama wadogo zake wakishuka bandarini.

Sina ugomvi na Toyota. Sienta ni Toyota, ipo ya viti saba na milango ya kusukumwa kando, injini yake cc 1500, kwa hiyo nayo inakaa katika kundi la asilimia 20 ya ushuru wa bidhaa badala ya 25 ya injini kubwa zaidi. Noah ni Toyota. Serena ya Nissan inabeba wanane. Lakini barazani hakuna aliyemtajia kijana hata moja kati ya hizo, kwa sababu hakuna aliyemuuliza ana watu wangapi.

Nilipouliza ubaya wa Freed ile ni nini, nikajibiwa: "Mlango ule ni kama wa matatu, hauna heshima." Mtu mzima anasema hivi bila haya. Heshima ni mama kushikwa kwapa na vijana wawili mbele ya majirani kila anaposhuka, kwa sababu siti iko chini na mlango haufunguki wote? Vichochoro vyetu vya Makupa na Majengo ni vyembamba, ukuta upande huu, tuktuk imeegeshwa upande ule. Mlango wa kufunguka nje unagonga ukuta kabla mguu haujatoka. Unaosukumwa kando hauhitaji nafasi hiyo. Mji huu ndio ulioutaka mlango ule.

Na jambo linaloniuma kuliko yote ni watoto. Mwaka 2004 waziri John Michuki alilazimisha mikanda katika matatu na abiria wasizidi viti, tukampigia makofi. Leo tunapakata watoto wawili wawili kwenye gari letu wenyewe, bila mkanda, tunavuka daraja la Makupa kati ya malori ya kontena, kisha tunalaani makanga. Kununua gari la watano kwa watu saba ni kuamua mapema kwamba wawili hawatafungwa mkanda. Waliomshauri kijana hawatakuwemo humo.

Kama gari lake linauzika kama walivyomwambia, na aliuze kesho.

Kisha aende yadini na mama yake, mke na watoto wote wanne. Waingie, waketi, wafunge mikanda, mama ashuke peke yake na apande tena. Ahesabu viti mwenyewe, maana Freed nyingine zina sita na Sienta nyingine zina vitano, na dalali hatamwambia. Aangalie kilomita kwa jicho kali, na uchakavu wa pedali na usukani, kwa kuwa mita hurudishwa nyuma na pedali hazirudishwi. Avue nailoni za viti palepale. Dalali akinuna kwamba watoto wanamchafulia gari, waondoke wote saba waende yadi ya pili. Mombasa yadi hazijakwisha.