Pamba Nayo Hailiwi

Hapa Kasoli ukipanda ua mbele ya nyumba utaulizwa swali moja: "Hilo linaliwa?" Wanaouliza ni watu wazima wenye ekari za pamba nyuma ya nyumba. Pamba nayo hailiwi. Tena hii tunayolima asili yake ni Mexico na nchi jirani zake, kichaka cha maua, ndugu wa haibiskasi kabisa: litazame ua lake asubuhi, jeupe la maziwa, kisha lirudie kesho yake limegeuka rangi ya waridi. Mkoa mzima wa Simiyu unategemea kichaka cha kigeni. Anayepanda bogonvilia mlangoni kwake hajaleta uzungu wowote.

Hoja ya maji naiheshimu zaidi. Mama aliyebeba ndoo kichwani mwezi wa nane hawezi kuimwaga kwenye maua, na asiambiwe afanye hivyo. Ila bogonvilia haikuomba ndoo hiyo. Ikishashika mizizi huvumilia ukame, na ukiizidishia maji inatoa majani matupu. Kiu ndiyo inayoitoa rangi. (Rangi yenyewe ni majani yaliyogeuka, ua halisi ni kale kadude keupe katikati. Mimi naipenda hivyo hivyo.)

Ugomvi wangu ni na wauza miche. Unapewa kiriba, unatajiwa bei, basi. Ukiuliza jina unajibiwa, "Ni ua la njano." Hilo ua la njano ni thevetia, asili yake Amerika ya kitropiki, na utomvu na mbegu zake zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Mbegu hizo zinaanguka chini, palepale watoto wanapochezea. Lantana nayo inauzwa kwa sababu maua yake yana rangi mbili tatu kwa pamoja. Ng'ombe akiila ini linaharibika na ngozi inaungua kwa jua. Ndege wanakula matunda yake na kusambaza mbegu, nasi mkoa wetu unapakana na Serengeti. Unamuuziaje Msukuma mwenye zizi kitu hicho bila kufungua mdomo?

Mtaniambia minyaa ya babu zetu nayo ina sumu. Kweli, utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Lakini tangu utotoni tumeambiwa: usivunje mnyaa, na ukivunja usijipanguse macho. Onyo lilikuja pamoja na jina. Thevetia imekuja na bei tu.

Pamba, mgeni huyohuyo, tumeiwekea kanuni: ukimaliza kuvuna, ng'oa masalia uchome, wadudu wasivuke msimu. Kwa nini vitalu vya maua visiwe na hata kanuni moja? Sitaki kitalu cha mtu kifungwe. Kuna vijana wanaokula kwa kazi hiyo. Nataka kila kiriba kiwe na jina na onyo, hata kama ni kwa kalamu juu ya kipande cha boksi, hata kwa Kisukuma. Muuzaji asiyejua anachouza auze mchicha.

Na wewe uliyekwisha kupanda thevetia kando ya njia ya watoto au karibu na zizi, ing'oe wiki hii. Usiichome, na usiyatupe matawi yake mbuzi wanapopita. Chimba shimo uifukie, kisha unawe mikono.