Cabo Delgado: Nani anamsaidia anayemuuguza mzazi aliyepoteza kumbukumbu?

Vita vya kaskazini mwa Msumbiji vimewatawanya majirani na jamaa waliokuwa wakisaidiana kuwatunza wazee. Kwa familia za wilaya ya Palma zenye mgonjwa wa kupoteza kumbukumbu, pengo hilo halijazibwa na misaada ya dharura wala na huduma za afya.

Nhica do Rovuma ni kijiji cha wilaya ya Palma, ndani kidogo kutoka mwambao, upande wa mto Ruvuma unaoutenga mkoa wa Cabo Delgado na Tanzania. Wanamgambo waliposhambulia mji wa Palma tarehe 24 Machi 2021, baadhi ya waliokimbia walipita huku kwa miguu wakielekea Nangade na Mueda. Wengine walivuka mto, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilieleza wasiwasi wake mwaka huo kwamba maelfu yao walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Tangu mapigano yaanze Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, idadi ya waliong'olewa makwao iliwahi kufikia watu milioni moja hivi. Mamia ya maelfu wamekwisha kurejea, ingawa si wachache waliokimbia zaidi ya mara moja.

Katika safari za namna hiyo, mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao wataalamu huuita demensia, hupoteza zaidi ya nyumba. Hupoteza alama zilizokuwa zikimwongoza: mwembe wa uani, njia ya kisimani, mlango wa msikiti. Akiwekwa pasipo alama hizo, kuchanganyikiwa kwake huzidi. Anayemtunza naye hupoteza watu wa kupokezana naye zamu. Kijijini, mzee akitoka jioni kulifuata shamba alilolilima miaka 30 iliyopita, yeyote atakayekutana naye humshika mkono na kumrudisha kwao. Kambini, wapitaji hawamjui. Na katika eneo lenye vita, mtu anayetangatanga usiku bila kuweza kujibu anapoulizwa jina lake yumo hatarini kwa kila upande.

Ugonjwa wenye majina mabaya

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Chanzo kikuu ni ugonjwa wa Alzheimer. Kiharusi na shinikizo la damu lisilotibiwa ni miongoni mwa vyanzo vingine. Mwaka 2019 gharama yake kwa dunia nzima ilikadiriwa kuwa dola trilioni 1.3, na takriban nusu yake ni kazi isiyolipwa ya ndugu na marafiki, wanaotumia wastani wa saa tano kila siku kumhudumia mgonjwa. Asilimia 70 ya saa hizo hutolewa na wanawake.

Kwa wasemaji wa Kimakwe, Kimwani na Kiswahili, kikwazo cha kwanza ni neno lenyewe. Katika vituo vya afya kumbukumbu za mgonjwa huandikwa kwa Kireno, na neno demência likitafsiriwa kwa haraka huwa "wazimu". Nyumbani hali hiyo huitwa "uzee" tu. Na pale mzee, hasa mwanamke mjane, anapoanza kusema peke yake usiku au kuwashuku wakwe zake kwamba wanamwibia, huweza kutajwa neno la tatu lililo hatari kuliko yote: uchawi. Kila neno lina matokeo yake. Mwenye wazimu hufichwa, uzee huachwa bila matibabu, na anayeitwa mchawi hufukuzwa au hudhuriwa. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyoanza kutumika mwezi Novemba 2024, inazitaka nchi zilizoiridhia kukomesha tuhuma za uchawi dhidi yao. Lakini ulinzi huo huanzia katika tafsiri: huu ni ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu.

Jina sahihi lina faida nyingine ya papo hapo. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa timamu Jumatatu na kuchanganyikiwa Jumatano huenda ana malaria, upungufu wa maji mwilini, maambukizi ya mapafu au ya njia ya mkojo, au sukari iliyoshuka. Hayo yanatibika, na kuyachelewesha kwa kudhani ni uzee kunaweza kuua.

Kilichopo na kisichofika

Si kweli kwamba hakuna msaada wowote. Msumbiji ina sheria ya mwaka 2014 ya kulinda haki za wazee. Taasisi ya taifa ya ustawi wa jamii, INAS, hutoa ruzuku ya msingi ya kila mwezi kwa kaya maskini zenye wazee au walemavu. Chini ya mkakati wa ulinzi wa jamii uliofikia ukomo mwaka 2024, ruzuku hiyo ilianzia metikali 540 kwa kaya ya mtu mmoja. Anayewaorodhesha wahitaji kijijini ni wakala wa INAS aitwaye permanente, na kwa familia nyingi huyo ndiye mlango wa kwanza wa kubisha. Kwa upande wa tiba, tangu mwaka 1996 Msumbiji imekuwa ikiwafunza wahudumu wa kada ya kati wa magonjwa ya akili, kwa sababu madaktari bingwa ni wachache mno.

Hata hivyo, ruzuku hufuata vitambulisho, na wengi walivipoteza walipokuwa wakikimbia. Tena hutolewa kwa jina la mzee au kaya. Anayeacha kulima ili amchunge mgonjwa hana fungu lake. Mwongozo wa mwaka 2015 wa WHO na UNHCR kuhusu afya ya akili wakati wa dharura una sura za msongo, majonzi, kifafa na saikosisi, lakini hauna sura ya demensia, ambayo imo katika mwongozo wa kawaida wa WHO wa mwaka uliofuata. Mhudumu wa dharura anayefuata mwongozo wake kwa uaminifu anaweza basi kumpita mgonjwa huyu, na kumpita pia binti aliyeketi kando yake.

Funzo kutoka Hai

Ng'ambo ya mto, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti walibaini kuwa takriban asilimia 6.4 ya wakazi wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Baadaye wakabuni kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika, kinachofaa kwa wazee ambao hawakupita shule. Wakaunda pia vikundi vya mazungumzo, nyimbo na shughuli za mikono, vikao 14 kwa jumla, kwa Kiswahili. Matokeo ya utafiti huo mdogo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha wagonjwa kupata nafuu ya kumbukumbu na wasiwasi, na mzigo wa walezi kupungua kidogo. Haukuhitaji mashine wala dawa ghali. Ulihitaji mahali pa kukutana, mtu aliyefunzwa na lugha inayoeleweka.

Wapo watakaouliza iwapo huu ni wakati wa kuzungumzia wazee, ilhali misaada ya Marekani ilikatwa mwaka 2025 na watoto wanahitaji chakula. Swali ni la haki. Lakini mlezi asiyeweza kutoka nyumbani hawezi pia kwenda shambani, wala kupanga foleni ya mgao, wala kumpeleka mtoto kliniki. Akianguka yeye, kaya nzima imeanguka.

Hatua za kuanzia hazina gharama kubwa: swali moja la ziada katika usajili wa kaya, kuuliza kama kuna asiyeweza kuachwa peke yake na ni nani anayekaa naye; kumruhusu mlezi huyo apokelewe mgao bila kupoteza zamu; na mhudumu wa afya anayeweza kueleza ugonjwa kwa lugha ya nyumbani. Msikiti, kanisa na vikundi vya akina mama vinaweza kurudisha zile zamu zilizovunjwa na vita, hata kwa alasiri moja kwa juma.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa kuwa asiyeubeba huuona mwepesi. Mradi wa gesi wa Afungi, wenye thamani ya dola bilioni 20, umeirudisha Palma katika hesabu za dunia. Kama hesabu hizo zitamfikia pia mwanamke anayekesha mlangoni ili mama yake asitoke gizani, hilo litaamuliwa na wanaoandika orodha.