Misimu Isomwe Ufukweni: Funzo la Hori ya Tudor

Miongoni mwa makosa yaliyozoeleka katika insha na tafsiri zetu ni lile la kuigawa misimu katika mafungu manne ya Ulaya, kisha kuyavika mafungu hayo majina ya Kiswahili. Mwanafunzi akikutana na Desemba ya London yenye theluji huandika “kipupwe”. Akikutana na Julai huandika “kiangazi”. Baadhi ya kamusi za lugha mbili humuunga mkono. Hata hivyo, katika pwani yetu Desemba hadi Februari ndicho kiangazi chenyewe, na Juni hadi Agosti ndicho kipupwe. Ni maoni yangu kwamba kosa hili halitasahihishwa kwa kuongeza kamusi, bali kwa kuchagua mahali pamoja na kupatazama mwaka mzima.

Napendekeza pawe ufuko wa Hori ya Tudor, kaskazini magharibi mwa Kisiwa cha Mombasa. Hori hii hupokea maji ya pande mbili: maji ya chumvi yaingiayo kutoka baharini kupitia Bandari ya Kale, na maji baridi ya Kombeni na Tsalu, mito ya msimu itokayo bara. Badiliko lolote la upepo au mvua huonekana hapo upesi.

Tuanze na kaskazi, uvumao takriban Desemba hadi Machi. Ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni na Ghuba katika Bandari ya Kale. Jua huwa kali, maembe hujaa sokoni, na maji ya hori hutakata. Kati ya Machi na Aprili upepo husitasita. Hayo ndiyo malelezi. Kisha huingia kusi pamoja na mvua kubwa za masika, ambazo baadhi ya wenyeji wa pwani huziita mvua za mwaka. Mito hufurika na hori hugeuka rangi ya udongo. Juni na Julai, bahari kuu inapochafuka, wavuvi wa mitumbwi huvua humu ndani penye hifadhi. Kufikia Septemba pepo za kusi zimelegea, ni demani. Sululu na ndege wengine wa pwani huwasili kutoka Ulaya na Asia, wakadonoa tope kando ya mililana na michu kila maji yanapokupwa. Vuli ya Oktoba hadi Desemba hufunga duru.

Hapo mwanafunzi hutambua kwamba misimu yetu haikupimwa kwa joto na baridi pekee, bali kwa upepo, mvua na safari. Kusi na kaskazi ni majina ya pepo na ya majira, na ndimo zilimotoka “kusini” na “kaskazini”. Asiyelielewa hili atatatizika kumsoma Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi katika mji ambao riziki yake ilifuata pepo hizo.

Wapo watakaodai kwamba kazi hii ni ya wanajiografia. Mwanajiografia atapima mvua, lakini hatauliza kwa nini “hori” ni mkono wa bahari na pia ni mtumbwi, wala hatarekodi ni lini mvuvi husema malelezi na ni lini husema tanga mbili. Hayo ni yetu sisi.

Aidha, kazi yenyewe haingoji. Mikoko ya Tudor imekatwa kwa ajili ya kuni na nguzo za ujenzi, na maji taka yamemiminika horini kwa miaka mingi. Ukingo ukizibwa kwa ukuta, mvuvi hukosa pa kufunga chombo, na mwanafunzi hukosa wa kumuuliza.

Kwa hivyo, vyama vya Kiswahili vya vyuo vyetu vianzishe daftari la misimu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko papo hapo Tudor. Walio mbali na bahari wachague mto, ziwa au shamba lao. Kila juma mwanachama aandike tarehe, upepo, hali ya maji, ndege na samaki aliowaona, na neno walilolitumia wenyeji. Wahadhiri nao walikubali daftari hilo kama sehemu ya alama za somo la leksikografia. Mwaka ukitimia, tutakuwa na cha kuwapelekea watunzi wa kamusi.